Wakuu kuna mnyama kwenye dari analia kama mtoto mchanga usiku, namtoaje bila kubomoa jipsamu?

Baba Nyumba Mpya (mleta mada):
Wakuu salaam, naenda moja kwa moja maana usingizi sina. Nimehamia kwangu huku Madale, nyumba bado haijaisha, bati tayari, jipsamu nimepiga sebuleni na vyumba viwili, kule nyuma jikoni na stoo bado wazi mpaka hela ipatikane. Sasa tangu mvua zianze kuna kitu kinakaa juu. Mchana kimya, giza likianza kuingia kinaanza mizunguko, na sio panya, panya namjua, hiki kinaruka, unasikia puu! kimya, halafu puu! upande wa pili. Saa nane usiku ndo kinalia, wakuu kinalia mpaka mwanangu mdogo naye anaanza kulia. Kwenye jipsamu ya sebuleni pametoka doa la njano na harufu ya mkojo. Ukikimulika kina macho makubwa yanawaka mekundu, na vidole kabisa vya mtu. Ndani tuko wanne, mimi, mke na watoto wawili, na mke ameshaanza kufungasha anataka kwenda kwa mama yake Tabata. Nimenunua sumu ya panya nikaipake kwenye ndizi mbivu ila nasikia akifia juu ni balaa lingine. Mwenye uzoefu tafadhali, jipsamu sina hela ya kurudia.

Kisamvu cha Nazi:
Nawahi siti ya mbele, karanga ninazo.

Mama Wawili Mbagala:
Pole baba. Kabla ya sumu, mmeshamwita shehe au mchungaji? Kitu kinacholia saa nane za usiku sio cha kuwekea ndizi. Sisi tulipanga nyumba moja hapa Mbagala, kila usiku mtu anaburuta kiti darini, mwenye nyumba anasema ni paka, paka gani anaburuta kiti? Tulihama na kodi ya miezi minne tukaiacha, hatujawahi kujuta.

Fundi Kenchi:
Komba huyo, usipoteze hela kwa waganga. Kapitia kwenye fisha bodi, ile mbao ya ukingoni mwa bati, fundi wako aliacha uwazi kati ya ukuta na bati, watakwambia eti nyumba ipumue, ukweli mbao ziliwaishia. Fanya hivi: jioni kaa nje bila kelele uangalie anatokea wapi, maana huyo lazima atoke kutafuta chakula. Ukishajua tundu lake, ziba mengine yote kwa wavu wa chuma, sio magunia, magunia anachana. Lake liache mwisho, akishatoka unaziba usiku huohuo. Na kama kuna mwembe unagusa bati kata matawi, hiyo ndo ngazi yake. Ila usizibe kabla hujapanda na tochi kuhakikisha hakuna kitoto. Mama komba akienda kula anamwacha mtoto amemficha, ukimfungia humo mama atarudi kukwangua bati mpaka asubuhi na mtoto atakufa juu ya sebule yako.

Babu wa Kigamboni:
Vijana mnahangaika bure. Mimi nimekulia kwenye minazi, komba tunamjua kwa ulevi wake. Mgema akitundika kibuyu jioni, usiku komba anapanda anakunywa tembo, asubuhi unamkuta chini ya mnazi hajielewi, unambeba tu kwa mkono. Ndo maana mtu akizidisha tunasema amelewa kama komba. Tafuta mnazi lita moja weka kwenye beseni huko juu, habari imeisha. Kenge ndo kazi bwana. Huku Kigamboni kenge alinimalizia mayai na vifaranga wote, siku ya siku mama watoto anaenda chooni usiku kamkuta kajikunja nyuma ya ndoo, alivyotoka pale mlango hakuufungua, aliubeba. Mpaka leo akienda chooni anagonga kwanza.

Kisamvu cha Nazi:
Na kenge anajibu "kuna mtu"? 😂😂

Nesi wa Zamu:
Mleta mada, kabla ya mambo ya bati. Kuna mtu yeyote hapo ameng'atwa au kuparurwa na huyo mnyama?

Baba Nyumba Mpya:
Watoto wako salama kabisa, hawajamsogelea. Turudi kwenye mada wakuu, sumu niweke au nisiweke? Na huo mnazi babu nitaupata wapi huku Madale?

Maliasili Mstaafu:
Usiweke. Kwanza komba ni mnyamapori, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumuua wala kumfuga bila kibali, na sumu haichagui, paka wa jirani ataila, mwanao ataokota hiyo ndizi ikidondoka. Pili, unakaa Madale, Pori la Akiba Pande liko jirani yako, hao wanyama walikuwepo kabla ya viwanja kupimwa. Hilo doa halafu: komba ana tabia ya kujikojolea mikononi na kujipaka miguuni, kila anapokanyaga anaacha harufu yake, kwahiyo hata akiondoka osha hizo mbao, la sivyo utavuta mwingine. Aliye kwako kwa vishindo hivyo ni komba mkubwa. Kuna mwingine mdogo sana, gramu 60 hivi, anaitwa komba wa Rondo kutokana na Rondo kule Lindi, huyo anapatikana Pande na msitu wa Pugu-Kazimzumbwi pia, na aliwahi kuwekwa kwenye orodha ya viumbe 25 wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi duniani. Watu wa Dar wanapita Pugu kila siku hawajui wana mnyama wa namna hiyo. Toa taarifa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, au kwa afisa maliasili wa manispaa, waje kwa utaratibu.

Ngosha wa Mabibo:
Kumbe mmevamia pori halafu mnalalamika wenyeji wanalia usiku. Hata mimi ningelia.

Baba Nyumba Mpya:
Sijavamia, kiwanja kimepimwa na nina karatasi zangu zote. Huyo afisa wa manispaa nikimsubiri si ataingia mpaka chumbani huyu? Fundi ameshapewa hela ya kianzio, Jumamosi anakuja kuziba matundu yote kwa mpigo, nilitaka tu kujua sumu itangulie au ifuate.

Swali Moja Tu:
Mimi nina swali moja tu. Komba ukimulika tochi haipiti sekunde kasharuka. Umesema ana "vidole kabisa vya mtu". Vidole viko juu kenchini, wewe uko chini na tochi. Nani hapo nyumbani ameviona kwa karibu?

Kisamvu cha Nazi:
Naongeza karanga.

Swali Moja Tu:
Mleta mada naona uko hewani, unamjibu wa viwanja, swali langu unaliruka.

Baba Nyumba Mpya:
Haya basi. Dada aliingia stoo asubuhi kuchukua mkaa akakikuta kimekaa juu ya gunia, akataka kukisukuma na mkono akidhani ni paka, kikamdaka kidole. Kajeraha kadogo, damu yenyewe ya kufuta na kanga. Mke wangu akampaka spiriti na kitunguu swaumu akamfunga kitambaa. Hiyo ni wiki iliyopita huko, dada anapika, anafua, hana homa. Sikuandika kwasababu sio mada, mada ni dari.

Nesi wa Zamu:
Mada ndo hiyo. Sikiliza kaka yangu. Komba ni mnyama wa usiku. Asubuhi alitakiwa awe amelala mahali amejificha, na akimwona mtu anakimbia. Aliyekaa juu ya gunia mchana, mtu anamsogelea na hakimbii, anaweza kuwa mgonjwa, na ugonjwa wa kwanza wa kuufikiria ni kichaa cha mbwa. Jina lisikudanganye, mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kuupata. Ni kweli wanaoumwa wengi wametokana na mbwa na kwa komba ni nadra, lakini dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba, ni kusubiri kuzika tu, kwahiyo hatubahatishi. Leo hii kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kitunguu kitoke, kitambaa kitoke, aende hospitali wampime achomwe chanjo na ya pepopunda. Wiki kupita isikufanye useme tumechelewa, maadam hana dalili chanjo bado inafaa.

Baba Nyumba Mpya:
Nesi nakuheshimu ila komba sio mbwa, hata Maliasili hapo juu hajasema wana kichaa. Na zile sindano nasikia ni za kurudiarudia na hela ndefu, nyumba yenyewe unaona ilipofikia. Halafu dada mwisho wa mwezi anaenda kwao Handeni, tumekubaliana na mke wangu akacheki hukohuko kwa wazazi wake, hata yeye mwenyewe hajalalamika.

Maliasili Mstaafu:
Usinitumie mimi kama kichaka. Sikusema kwasababu hukusema kuna mtu kang'atwa. Nesi yuko sahihi.

Mama Wawili Mbagala:
Mtoto wa watu umemtoa kwao Handeni mzima, unataka umrudishe na kidole cha kitunguu swaumu. Angekuwa wa kwako aliyeng'atwa ungeandika mstari wa kwanza na herufi kubwa.

Mchunguzi Huru:
Hamjashtuka tu? Rudini post ya kwanza. "Ndani tuko wanne, mimi, mke na watoto wawili." Dada katokea wapi? Jamaa aliona uzi unapoa akaongeza mhusika. Chai hii wakuu, tena ina tangawizi na iliki.

Kisamvu cha Nazi:
Aiseee. Nimehesabu mara mbili, kweli wanne.

Ngosha wa Mabibo:
Mnakumbuka yule wa chatu bafuni Salasala? Uandishi uleule, "wakuu naenda moja kwa moja". Tukamchangia mawazo siku nzima, mwishowe akasema alikuwa anapima uelewa wetu.

Babu wa Kigamboni:
Afadhali hawa wa komba. Mwaka 1995 watu walikuwa wanalala nje kwa ajili ya popobawa, na kila mtu amemwona, na hakuna mwenye picha.

Baba Nyumba Mpya:
Nyie hamjui kusoma? Nilihesabu familia. Dada ni wa kazi, nani anamhesabu dada wa kazi kwenye familia? Sijawahi kuandika uzi wa chatu na Salasala sijawahi kuishi. Picha ya doa hiyo hapo mridhike.

Mchunguzi Huru:
Hilo doa la mvua. Bati linavuja. Tunataka picha ya kidole.

Fundi Kenchi:
Kweli doa lina duara la maji, kuna msumari umelegea hapo juu. Ila haimaanishi komba hayupo, vyote viwili vinaweza kuwepo, nyumba za huku nazijua. Nina swali la kifundi. Jipsamu umepiga sebuleni na vyumba viwili tu. Vyumba viwili ni vyenu na watoto. Dada analala wapi?

Baba Nyumba Mpya:
Chumba cha nyuma karibu na stoo. Ana neti.

Mama Wawili Mbagala:
Yaani wewe unamwogopa komba juu ya jipsamu, yeye yuko naye uso kwa uso. Mke anafungasha kwenda Tabata, dada anaachiwa neti. Mimi nimemaliza, nisije nikafungiwa.

Mchunguzi Huru:
Bado sijaona kidole.

Nesi wa Zamu:
Mchunguzi, kama ni chai sisi tumepoteza bando. Kama sio chai, kuna binti anapoteza muda. Picha ya kidole haina kazi hapa, mimi nataka kusikia kadi ya chanjo imeandikwa tarehe. Mleta mada, kesho anaenda?

Baba Nyumba Mpya:
Kesho nina safari ya Kibaha, mke hawezi kuwaacha watoto. Labda Jumatatu.

Nesi wa Zamu:
Jumatatu hapana. Kesho.

Fundi Kenchi:
Kesho mimi nina kazi hapohapo Madale na nina pikipiki. Nikija kupima fisha bodi nampitisha dada kituo cha afya, nauli naweka kwenye hesabu yangu, ya kituo utamtumia kwenye simu. Yule fundi wa Jumamosi mwambie asizibe kitu mpaka mtu apande kuangalia kama kuna kitoto. Na dada leo asilale chumba cha nyuma.

Baba Nyumba Mpya:
Sawa. Huo wavu jumla unanifanyia bei gani?

Fundi Kenchi:
Wavu tutaongea nikishapima. Saa mbili asubuhi niko getini, mwambie dada awe tayari.