Resident Evil: tuangalie Apocalypse au turuke hadi Extinction?

Mwana_Kibada
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi vijana wanakuja kwangu kuangalia picha ukutani, nimeazima projekta. Sehemu ya kwanza ya Resident Evil, zile filamu za mazombi zilizotokana na magemu, ile ya 2002, wote tumeshaiona. Nafasi ni ya picha moja tu, maana projekta inarudi kwa mwenyewe asubuhi. Niweke ya pili, Apocalypse ya 2004, au niruke hadi ya tatu, Extinction ya 2007? Mdogo wangu yuko chuo, amemaliza gemu ya tatu ya Capcom, kampuni yenye magemu hayo, na kila siku habari yake ni Nemesis, lile jitu linalomwinda mchezaji. Wengine, mke wangu akiwemo, hawajawahi kushika padi. Naombeni mawazo ya mliozimaliza zote.

fundi_padi
Apocalypse mkuu, na wala usijiulize. Kati ya zile sita za Milla Jovovich, anayecheza Alice, hiyo ndiyo inayokurudisha kwenye mitaa ya gemu yenyewe. Jill Valentine, yule polisi, aliyechezwa na Sienna Guillory, kavaa vilevile alivyovaa kwenye Resident Evil 3 ya 1999: kitopu cha buluu, sketi fupi nyeusi, sweta kalifunga kiunoni. Carlos, yule askari, yumo. Umbrella, kampuni iliyotengeneza virusi vya mazombi, wanalifunga jiji la Raccoon watu wakiwa bado ndani, na aliyecheza gemu anajua jiji lile linaishia wapi.

Halafu Nemesis mwenyewe. Yule ni mtu kweli ndani ya vazi, Matthew G. Taylor, ndiyo maana akipiga hatua unausikia uzito. Sisi tuliokimbizwa naye kwenye PlayStation tunajua: unapita mlango, unashusha pumzi ukidhani umepona, naye anaufungua nyuma yako. Mdogo wako amengoja kumwona akitembea. Usimnyime.

Binti_wa_Makorora
Kuhusu Nemesis sina ubishi. Ila kama picha, Extinction iko juu. Apocalypse inaniudhi kwenye mapigano: kamera inatikisika, vipande vinakatwa harakaharaka, hujui ngumi imetoka kwa nani. Mazombi wakitokea ndiyo kabisa, picha inarukaruka na kuwa na ukungu, unatafuta sura huioni. Alexander Witt ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza filamu ndefu. Russell Mulcahy aliyeongoza Extinction alikuwa mkongwe, na ukongwe wake unauona.

Tazama dakika za mwanzo tu. Alice anaamka bafuni, anavaa gauni lake jekundu, anapita ule ujia wa miale inayokata watu kama zamani. Unadhani unarudishiwa sehemu ya kwanza. Mara anakufa! Wanambeba, wanamtupa nje shimoni, na shimo limejaa maiti za Alice wengine, wote na magauni mekundu. Kamera inapanda juu, jangwa tupu, na nje ya uzio mazombi wamejazana hadi mwisho wa macho. Nimeiona mara nne na bado ngozi inanisisimka. Picha nyingi za mazombi zinajificha gizani, hii inakutisha saa saba mchana. Wale kunguru waliokula mizoga yenye virusi wanavyotua kwenye nyaya mmoja mmoja, msafara mzima wa manusura umenyamaza ndani ya magari... Milla hajawahi kuwa mzuri kuliko pale.

Mzee_wa_Mikanda
Apocalypse niliiona kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi. Stelingi alipovunja dirisha la vioo vya rangi na pikipiki, akaingia nayo kanisani, kibanda kizima kilisimama. Kama mko wengi, weka hiyo.

Mpwani_CapeTown
Ndugu zangu, niko huku Afrika Kusini, ambako ile ya mwisho, The Final Chapter, ilipigwa picha. Nimezifuatilia zote, pamoja na Afterlife ya 2010 ya 3D. Ushauri wangu, usiruke. Dada wa Makorora amesema kweli kuhusu jangwa, ila hakumtaja Carlos. Kwenye Extinction Carlos ameng'atwa, anajua hana muda, anaaga, anapanda lori na kuliingiza katikati ya mazombi ili wenzake wapate njia. Aliyetoka naye Raccoon atamlilia. Aliyeruka ataona mtu mwenye ndevu analipuka na lori. Na Alice naye, zile nguvu zake za kuuamrisha moto zimetoka wapi? Mbegu ilipandwa mwisho wa Apocalypse.

Binti_wa_Makorora
Kwa Carlos umenishika, kaka. Mara ya kwanza niliziona kwa mfuatano, nikasahau kwamba machozi yale yalianzia Raccoon. Mwana Kibada, weka ya pili. Lakini ya tatu usiiangalie kwenye simu, jangwa lile linataka ukuta.

Mwana_Kibada
Mrejesho, wakuu. Tuliweka Apocalypse. Dogo aliposikia Nemesis analitamka lile neno lake, STARS, kikosi cha polisi anachokiwinda, alisogeza kiti mbele na hakukirudisha.

Lakini mtu wa usiku ule alikuwa mke wangu. Kwenye pambano la mwisho, Alice na Nemesis mikono mitupu mbele ya askari wa Umbrella, akasema taratibu, "Huyu si Matt wa sehemu ya kwanza? Yule waliyemchukua mkono umeanza kuota vitu?" Dogo akakataa katakata, kwenye gemu hakuna Matt. Dakika chache baadaye Alice anamtazama machoni, anamtambua, anagoma kumuua. Sebule nzima ilimgeukia shemeji yao. Nemesis alipowageuzia bunduki Umbrella, dogo ndiye aliyekuwa na macho mekundu. Akaniambia kwenye gemu amemuua mara nyingi sana bila kujua kama anaweza kuhurumiwa.

Mwenye projekta amekubali, wiki ijayo naichukua tena kwa ajili ya Extinction. Carlos sijawaambia neno.