Mama katolewa kipande cha kongosho na bandama, sasa ana homa

Mwana wa Newala
Wakuu, habari za jioni. Mama alipasuliwa Dar mwezi uliopita, wakatoa mkia wa kongosho pamoja na bandama. Tumerudi naye Newala akiwa na mpira ubavuni unaotoa majimaji kwenye mfuko. Alikuwa anaendelea vizuri, anatembea mpaka kwa jirani. Tangu jana usiku mwili wa moto, anatetemeka. Mjomba anasema homa ya huku ni malaria tu, tununue mseto dukani. Mimi roho inasita. Halafu wifi anapika kila kitu kwa nazi, je, inamdhuru?

Nesi Mstaafu, Lindi
Mwanangu, ya nazi tuyaache kwanza. Mpelekeni hospitali usiku huu huu, msingoje kuche.

Nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi. Bandama ndiyo inayokamata bakteria kwenye damu na kuondoa chembe zilizoingiliwa na vimelea vya malaria. Asiye nayo, homa ya asubuhi inaweza kumfikisha mahututi jioni. Mjomba hakukosea kuitaja malaria, ila kwa mama yako hata hiyo malaria inatibiwa hospitalini.

Na wakipima wakakuta hana, msikubali kurudishwa nyumbani! Mwambie daktari: hana bandama, amekatwa kongosho, bado ana mpira. Pale palipokatwa panaweza kuvuja. Maji ya kongosho kazi yake ni kumeng'enya chakula. Yakimwagika tumboni yanamla mwenyewe, usaha unajikusanya, hata mishipa ya damu inatoboka. Maji ya mfukoni leo yana rangi gani? Yakinuka, yakiwa kama usaha, au yakiwa na damu hata kidogo, ni dharura, maana damu kidogo huweza kutangulia nyingi. Mpira msiuvute.

Chukueni na karatasi za kuruhusiwa. Tazama kama alichanjwa.

Kijana wa Masasi
Pole sana ndugu. Mzee wangu alifanyiwa ile ya kichwa cha kongosho, wanaiita Whipple. Nazi haikumuua, ila choo kilikuwa kinaelea, kina mafuta, na alikonda vibaya. Akaandikiwa vidonge vya vimeng'enya. Sisi tulikuwa tunampa akishamaliza kula, kama dawa nyingine. Kumbe vinamezwa pamoja na chakula, tonge la kwanza na katikati. Bi mkubwa akitulia muulizie hilo, na sukari apimwe, kongosho ikipungua insulini nayo hupungua. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi.

Mwana wa Newala
Shikamoo mama nesi. Tumefika. Malaria hana. Maji ya mfukoni yalikuwa yamegeuka, kama maziwa machafu, na yananuka. Daktari kampa kitanda, ameanza antibiotiki za mshipa, asubuhi atapigwa altrasaundi na wanawasiliana na waliompasua. Kwenye karatasi sioni chanjo yoyote.

Nesi Mstaafu, Lindi
Marahaba. Basi kesho waulize waliompasua, kwa majina: chanjo ya numokokasi (bakteria wa nimonia), ya homa ya uti wa mgongo, na ya Hib (bakteria mwingine wa nimonia na uti wa mgongo). Kwa kawaida hutolewa wiki mbili kabla ya kupasuliwa. Ikishindikana, kuanzia wiki mbili baada ya kupasuliwa. Akiruhusiwa msiondoke bila antibiotiki ya kukaa nayo nyumbani na maelekezo yake. Na chandarua kila usiku, mpaka uzee wake wote.