Naomba ushauri: vidole vya mama vinakataa asubuhi

Jambo ndugu zangu. Niko Bukavu, kule Kadutu, na mama yangu wa miaka 61. Daktari alisema ni baridi yabisi, ile inayoshika mikono yote miwili. Asubuhi vidole vinakaza zaidi ya saa nzima. Juzi nilimkuta amebana termosi kwa magoti, anahangaika na kifuniko. Maji ya uvuguvugu yanamlegeza kidogo. Bidoni ya lita 20 nimemkataza kabisa. Lakini bugali hataki mtu mwingine amsongee, na mwiko unamtoa machozi! Nimezungushia mpini kitambaa uwe mnene, nafuu ipo ila haitoshi. Wenye wazazi kama huyu, jikoni mnafanyaje? Na hizi ngazi zetu za mlimani, anazipandaje?