Msaada: neno "stowre" kwenye beti za Spenser

Msomaji_Tenzi: Wakuu, heshima kwenu. Natafsiri sehemu ya The Faerie Queene, utenzi wa mshairi Mwingereza Edmund Spenser, na nimekwama kwenye neno "stowre". Kamusi ndogo, inayoliandika "stour", inasema ni vumbi, lakini mashujaa wamekabiliana kwa mikuki. Ni vumbi la farasi? Nitumie neno gani?

KalamuKavu: Vumbi ni maana ya Kiskoti. Utaikuta kwa Burns, mshairi wa Uskoti, 1786, pale jembe linapoliponda ua dogo shambani. Kwa Spenser ni mapigano ya silaha. Neno liliingia kutoka Kifaransa cha kale, "estour", na ni ndugu wa "storm". Chaucer, mshairi Mwingereza aliyemtangulia Spenser, alilitumia kwa Zenobia, malkia wa Palmyra aliyevaa kofia ya chuma vitani. Hapo halina utata.

Kazi ipo kwa Spenser, maana alilinyoosha. Mara ni pambano, mara ni saa ya dhiki au msukosuko. Soma shairi la Januari katika The Shepheardes Calender (1579): mchungaji Colin analaani saa aliyotamani kwenda mjini, kisha anaibariki "stoure" aliyomwona mpenzi wake. Upanga haupo hapo, na mfafanuzi wa kitabu hicho, E.K., hakutaja vita. Ukiandika "vita", Colin atageuka askari!

Kabla hujachagua, angalia jirani za neno. Ngao, damu, mkuki: andika pambano. Moyo, mapenzi, bahati mbaya: dhiki au msukosuko. Na unapotafuta mifano, jaribu tahajia zote: stour, stoure, stowre.

Vina_na_Mizani: Tena angalia kina. Ubeti wa The Faerie Queene una mistari 9, vina vyake ababbcbcc, kwa hiyo kina cha b kinadaiwa mara 4. "Stowre" linaitikiana na "powre", "howre" na "bowre". Likikaa mwisho wa mstari, huenda limeitwa na kina kuliko maana. Usilibebeshe uzito kupita kiasi.

Msomaji_Tenzi: Nimewapata. Na "kondo" je? Naona lina ukale uleule.

KalamuKavu: Kwa maana ya vita ni zuri, na lina silabi 2 tu. Hatari yake ni kwamba msomaji wa leo akilikuta peke yake atawaza kondo la nyuma, mambo ya uzazi. Liwekee silaha kwenye mstari huohuo. Kwa maana ya dhiki usilitumie kabisa. "Msukosuko" ni silabi 5, "dhiki" 2, mizani itakuamulia.

Vina_na_Mizani: Usisahau Kitabu cha 4, wimbo wa 11, kwenye harusi ya mito Thames na Medway. "Stoure" anayetokea pale na vichwa 6 vya kutisha ni mto wa Uingereza. Acha jina lilivyo.