Ziwa Tanganyika: tufunge ziwa zima kwa miezi mitatu, au tuilinde kando yake mwaka mzima?

Ndugu wachangiaji, nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana chini ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika kwamba uvuvi usimamishwe kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Mwaka 2024 Tanzania iliutekeleza uamuzi huo kwa mara ya kwanza katika mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa. Tangu hapo nimefuatilia mabishano mengi juu ya jambo hili, na karibu yote yanazunguka palepale: upande mmoja unasema samaki wamepungua na ziwa lazima lipumzike, upande wa pili unauliza familia za wavuvi zitakula nini katika miezi hiyo mitatu. Pande zote mbili zina haki ya kusema hivyo. Hoja yangu ni kwamba tumebishana sana kuhusu lini ziwa lifungwe, na tumesahau kuuliza ni sehemu gani ya ziwa inayostahili kufungwa. Mimi naona ulinzi wa kudumu wa maji ya kando, pale samaki wanapotaga na kulelea, ungetufaa zaidi kuliko kulifunga ziwa lote kwa msimu mmoja.

Nianze na umbile la ziwa lenyewe, kwa sababu hapo ndipo hoja yote inaposimama. Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, lakini hewa ya oksijeni haishuki zaidi ya mita mia moja upande wa kaskazini na mita mia mbili hivi upande wa kusini. Chini ya hapo ni maji matupu yasiyo na samaki. Kwa hiyo ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 670 lina eneo dogo sana ambamo samaki anaweza kugusa mchanga, mwamba au nyasi. Eneo hilo ni ule ukanda mwembamba unaofuata ufuko. Dagaa wa aina ya Limnothrissa hutaga karibu na ufuko na watoto wao hukulia hapo hapo kabla ya kuelekea katikati ya ziwa. Watoto wa sangara wa Tanganyika hujificha kwenye nyasi za pembeni. Kuhe, ambaye wataalamu wanasema ndiye mkubwa kuliko samaki wote wa jamii ya sato duniani, hutaga chini kwenye maji ya kando, na dume na jike hubaki wakilinda mayai na vifaranga vyao. Ukiwavua wazazi hao wawili wakiwa juu ya kiota, kizazi kizima huliwa na samaki wengine kabla jua halijazama.

Sasa tutazame ni nini kinachopita katika ukanda huo. Linapita kokoro, yaani wavu mrefu ambao hukokotwa kutoka ufukoni na kukusanya kila kitu kilichomo, pamoja na nyasi ambamo vifaranga walikuwa wamejificha. Vinapita vyandarua vya kuzuia mbu vilivyoshonwa pamoja, ambavyo havimwachi hata samaki aliyeanguliwa wiki iliyopita. Zana hizi hazisubiri Mei wala Agosti ili zikatazwe, kwani Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zimekwisha kulipiga marufuku kokoro kwa mwaka mzima. Kwa maneno mengine, jambo linaloumiza zaidi mazalia ni kosa la jinai leo, lilikuwa kosa jana, na litakuwa kosa tarehe 16 Agosti ziwa litakapofunguliwa. Ikiwa tumeshindwa kulizuia kokoro kwa miezi kumi na miwili, sioni ni kwa namna gani kumzuia mwenye kipe anayevua dagaa usiku katikati ya ziwa kutaziba pengo hilo.

Kwa wasioifahamu, kipe ni chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, kinachowasha taa usiku ili dagaa wajikusanye juu ya wavu kisha uinuliwe. Uvuvi huo tayari una mapumziko yake, kwa sababu usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu na vyombo vingi hubaki mwaloni. Dagaa wenyewe ni viumbe wa maisha mafupi, wa mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, na idadi yao hupanda na kushuka kwa kufuata chakula kilichomo majini. Wakipumzishwa miezi mitatu wataongezeka, na sikatai kwamba siku ya kufungua mavuno yanaweza kuwa mazuri. Ninachohofia ni kwamba vyombo vyote vitaingia majini usiku uleule, vyenye madeni ya miezi mitatu ya kulipa, na kile kilichookolewa kitavuliwa upesi. Kuhe na sangara wanaokua polepole hawawezi kufidiwa kwa msimu mmoja wa namna hiyo.

Wapo wanaosema kwamba tatizo kubwa ni joto, na kwamba wavuvi wanabebeshwa lawama isiyo yao. Hoja hii ina ushahidi mzito. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba ongezeko la joto limepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, hivyo rutuba iliyoko kilindini haipandi kama zamani, na uzalishaji wa ziwa ukashuka kwa takriban asilimia 20. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, kwa kuchunguza mabaki yaliyozikwa kwenye matope ya chini, walikuta kwamba samaki walianza kupungua kabla hata uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza. Lakini utafiti huohuo ulikuta jambo lingine ambalo wapingaji wa kufunga ziwa hulitaja mara chache: katika maeneo waliyoyachunguza, sehemu ya sakafu ya ziwa yenye oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu miaka ya 1940. Joto, basi, linaubana ukanda wa kando kutoka chini, huku udongo unaomomonyoka kwenye milima iliyokatwa miti ukiufukia kutoka juu. Hatuwezi kuipoza hewa kwa kanuni za uvuvi, ila ukanda unaobaki unazidi kuwa na thamani kila mwaka unaopita.

Tena mfano tunao nyumbani. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985 hasa kwa ajili ya sokwe, ina ukanda wa maji wenye upana wa kilomita 1.6 ambamo uvuvi hauruhusiwi, na watafiti waliolinganisha maji hayo na yale yaliyo jirani na makazi ya watu walikuta aina nyingi zaidi za samaki ndani ya hifadhi. Nje ya ziwa, wavuvi wa Kisiwa Panza huko Pemba wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, huku wakiendelea kuvua sehemu nyingine. Najua pweza hukua haraka sana na kuhe sivyo, kwa hiyo silinganishi mavuno, nalinganisha utaratibu. Kijiji kilichochagua chenyewe mahali pa kufunga kina sababu ya kupalinda.

Niseme pia kile kinachonikera katika pendekezo langu mwenyewe. Mwenye kipe ana mtaji, ana injini, na akifungiwa anaweza kukopa. Anayevuta kokoro au kutega chandarua pembeni kwa kawaida ni mtu asiye na chombo, na kulinda kando ya ziwa kwa mwaka mzima kutamgusa yeye kabla ya kumgusa mwingine yeyote. Hata hivyo, kufunga ziwa lote hakumwokoi mtu huyo, kwa kuwa anafungiwa pamoja na wote, na pamoja naye wanafungiwa vibarua wa vyombo wanaolipwa kwa mgawo wa samaki na kina mama wanaoanika dagaa mchangani. Serikali imehimiza ufugaji wa samaki kwa vizimba kama njia mbadala, lakini kizimba kinahitaji vifaranga, chakula na fedha za kusubiri mavuno, na kibarua wa kipe hana hata kimoja kati ya hivyo. Maoni yangu ni kwamba fedha yoyote ya umma itakayotengwa kwa ajili hii ianze kumbadilishia zana mtu wa kokoro, halafu ndipo izungumziwe habari ya vizimba.

Hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu kuliko zote ni ya usimamizi. Ziwa likifungwa lote, chombo chochote kinachoonekana majini kina kosa, na doria haina haja ya kupima macho ya wavu wala kuuliza mpaka uko wapi. Samaki nao hawajui mipaka: Burundi yenye asilimia 8 tu ya ziwa na Zambia yenye asilimia 6 wanavua samaki wale wale aina ya migebuka wanaopita kwetu, kwa hiyo tarehe moja kwa nchi zote nne ina maana. Nakubali. Lakini mazalia ya kando hayahami, yako mbele ya macho ya kijiji, na vikundi vya BMU, yaani vya wanakijiji wanaosimamia uvuvi kwenye mwalo wao, vinakaa ufukoni hapo hapo. Atakayenijibu kwamba wanachama wa BMU ni ndugu na jirani wa mvuta kokoro atakuwa amegusa kidonda chenyewe, maana kumkamata shemeji ni kazi ambayo hakuna kanuni iliyokwisha kuirahisisha.

Kwa hiyo nawaomba wachangiaji wa Kibirizi, Ikola, Karema, Kirando na Kasanga, na wenzetu wa Uvira, Kalemie, Rumonge na Mpulungu, mnijibu kwa kutaja hali ya huko mliko. Je, mazalia ya karibu na mwalo wenu yanajulikana, na wazee wanayatambua kwa majina? Upana gani wa maji kutoka ufukoni ungekubalika kufungwa bila kuwanyima kitoweo wasio na chombo? Na mlinzi wa eneo hilo alipwe na nani: halmashauri inayokusanya ushuru wa dagaa, au wenye vyombo wanaonufaika na samaki waliolelewa hapo? Atakayeona kwamba miezi mitatu inatosha, naye aeleze ni kwa njia gani kokoro litazuiwa katika miezi tisa inayobaki.