Tupeane uzoefu: Poon Hill, Nepal. Mliofika mje hapa

Mtembezi: Wakuu, ukitaja Nepal kila mtu anawaza Everest na mitungi ya oksijeni. Mimi naongelea njia fupi ya miguu ya kijiji cha Ghorepani hadi kilima cha Poon Hill, mita 3,210, unayoianzia upande wa mji wa Pokhara. Nilienda Machi, laliguransi, ua la taifa la Nepal, zimechanua, msitu mzima mwekundu. Ile ni miti hasa, unapita chini ya kivuli chake huku ukikanyaga maua. Jasho lilinitoka kwenye ngazi za mawe za Tikhedhunga hadi Ulleri, zaidi ya 3,000. Unadhani umemaliza, unakata kona, zipo tena. Wa misimu mingine semeni.

Mgumu wa Marangu: Kazi yangu ni Kilimanjaro, Nepal nilialikwa na mteja wa zamani. Kusikia mita 3,210 nikacheka, maana haifiki hata kambi yetu ya Horombo, na Ghorepani penyewe ni juu kidogo tu ya kambi ya Mandara. Ila kule unapanda, unashuka mpaka mtoni, unapanda upya. Magoti yanajua.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna hema wala mpishi wa msafara. Njia inakatiza mashamba na nyua za Wamagar na Wagurung. Jioni unalala kwa mwenyeji, unakula dal bhat: wali, dengu, mboga na achari, na sahani ikipungua unaongezewa bila kulipia. Kijijini Ghandruk mwenye nyumba alikuwa mstaafu wa Gurkha, kikosi cha Wanepali ndani ya jeshi la Uingereza, ana hadithi mpaka usingizi ukakimbia. Kwetu mgeni analala hifadhini siku zote, wanakijiji wanamwona akipita na gari. Hapo wametuzidi, nasema wazi.

Binti Likoni: Niko Doha, kazini Wanepali wamejaa, mmoja wa Pokhara ndiye aliyenishawishi. Likizo ikaangukia Julai. Jamani, Julai ni masika yao! Ukungu, utelezi, na ruba. Wanaingia mpaka ndani ya soksi, ndiyo maana wenyeji wanatembea na chumvi. Siku ya Poon Hill tuliamka saa kumi alfajiri, tukapanda na tochi vichwani, kufika juu ni wingu tupu. Dhaulagiri yenye mita 8,167 iko mbele yako na huoni hata kivuli. Tukanywa chai, tukashuka.

Mlima nilikuja kuuona tukiwa kijijini Tadapani, wingu lilipofunguka dakika chache: Machhapuchhre, kilele chake kimegawanyika kama mkia wa samaki. Haupandwi, ni mtakatifu kwao. Waingereza waliojaribu mwaka 1957 waligeuka karibu kabisa na kilele. Kwa dakika zile hata ruba niliwasamehe. Ila nyie nendeni Oktoba au Novemba, anga safi.

Kijana wa Kahama: Nasikia kuna nyumbu wa mizigo njiani, wale chotara wa punda na farasi. Hawasukumi watu?

Mgumu wa Marangu: Wanasukuma sana. Ukisikia kengele simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde.

Kijana wa Kahama: Na gharama?

Mtembezi: Viza ya siku 15 dola 30, unapewa uwanjani Kathmandu. Kibali cha hifadhi ya Annapurna, ambamo njia hii inapita, rupia 3,000 kwa sisi wa mbali. Tangu 2023 wanataka uwe na mwongozaji, hiyo mpatane bei. Siku hizi gari linafika Ulleri, ngazi unaziruka. Ila ukipanda gari usije hapa kutuhadithia ngazi.