Jeli ya kung'arisha au vinia, kipi kianze?

Swali (Pembe_Tatu)
Habari zenu wadau. Meno sita ya mbele juu yamekuwa ya manjano. Moja lina kiraka cha zamani, jingine limevunjika ncha kidogo. Daktari mmoja anasema jeli ya kung'arisha, mwingine vinia sita za kauri (maganda membamba ya kugundishwa mbele ya jino). Jeli inakula jino? Na vinia zinachonga kiasi gani?

Fizi_Nzima
Ndugu, usianze na kisichorudishika. Jeli haichubui jino: peroksaidi iliyomo hupenya enameli (tabaka gumu la nje la jino) na kuvunjavunja rangi iliyonasa ndani. Ikishapenya hufika hadi karibu na neva, ndiyo maana maji baridi huchoma. Kwa kawaida hutulia siku chache baada ya kuacha.

Jeli ya kutumia nyumbani yenye kabamaidi peroksaidi asilimia 10 inatosha (hiyo hutoa haidrojeni peroksaidi kama asilimia 3.5 tu). Trei (kifuniko cha kuvaa kinachoshikilia jeli kwenye meno) itengenezwe kwa chapa ya meno yako mwenyewe. Weka tone dogo, kama punje ya mchele, upande wa mbele wa kila jino, vaa, kisha futa iliyofurika kwenye fizi. Lala nayo kwa takriban wiki 2. Ukiona ukingo wa fizi umegeuka mweupe na unawaka, jeli imezidi au trei inavuja. Meno yakichoma, ruka usiku mmoja. Dawa ya meno yenye potasiamu naitreti asilimia 5, ukiianza wiki 2 kabla, hupunguza sana mchomo.

Lakini kwanza ukoga usafishwe, na matundu na nyufa zikaguliwe. Jeli ikiingia kwenye tundu utaijua neva ilipo.

Kompositi_A2
Naongezea kuhusu kiraka, maana hapo ndipo wengi hujuta. Kiraka haking'ai. Meno yatakuwa meupe, chenyewe kitabaki na manjano yake. Kwa hiyo ng'arisha kwanza, subiri wiki 2, ndipo kiraka kibadilishwe na ile ncha ijazwe kompositi (kijazio chenye rangi ya jino). Kuna sababu mbili za kusubiri. Oksijeni inayobaki kwenye enameli huzuia gundi isigande sawasawa, na kazi ya siku hiyohiyo hubanduka mapema. Pili, jino likitoka kung'arishwa huwa limekauka, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Ukichagua rangi ya kompositi siku hiyo, umechagua rangi isiyodumu.

Fizi_Nzima
Sawa kabisa. Kuhusu vinia: kwa kauri, mara nyingi huchongwa milimita 0.3 hadi 0.7 upande wa mbele. Ni kidogo, ila enameli haioti tena, na vinia hizo utakuwa unazibadilisha maisha yako yote. Gundi hushika enameli kuliko dentini (tabaka lililo chini ya enameli), hivyo anayechonga kwa kina anakupa jino linaloshtuka na vinia inayobanduka. Ukiambiwa jino litachongwa kuzunguka pande zote, hiyo ni krauni (kofia ya kufunika jino zima), hata ikiitwa vinia. Dai ujaribishiwe umbo kwa kompositi ya muda kabla ya kuchongwa, utamke maneno, ung'ate, ujitazame kwenye kioo. Na kama unasaga meno usingizini, sema mapema, utahitaji kinga ya kuvaa usiku.

Pembe_Tatu
Asanteni sana. Jino lenye ncha iliyovunjika ni la kijivu zaidi ya mengine. Na limau na magadi je?

Kompositi_A2
Jino moja kuwa la kijivu huenda neva yake imekufa kwa kugongwa. Lipigwe eksirei kabla ya jeli yoyote. Likithibitika limekufa, mzizi hutibiwa, kisha dawa ya kung'arisha huwekwa ndani ya jino lenyewe, siyo kwenye trei.

Limau achana nalo. Asidi hulainisha enameli, magadi huisugua ikiwa laini. Chini yake kuna dentini, nayo ni ya manjano kwa asili, kwa hiyo kadiri unavyosugua ndivyo manjano inavyojitokeza.